Funga Daftari, Ndipo Usome

Kila mwaka mitihani ya Kidato cha Nne ikikaribia, lawama ni ileile: watoto wetu wanakariri tu, hawafikiri. Utaisikia bungeni, utaisikia kwenye vikao vya wazazi, utaisikia hata kwenye ofisi ya walimu. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu watarajiwa namna akili inavyojifunza, na sijawahi kuikubali lawama hiyo. Kukariri na kufikiri havina ugomvi. Mtu hawezi kulifikiria vizuri jambo ambalo halimo kichwani mwake. Kinachowaangusha wanafunzi wetu ni kingine kabisa: wengi wao hawakariri. Wanalisoma daftari likiwa wazi, wanalirudia likiwa wazi, wanalipitia mara ya tatu usiku wa manane likiwa bado wazi, kisha wanaingia kwenye chumba cha mtihani wakiamini kwamba kilichozoeleka machoni kimekwisha kukaa kichwani. Hakijakaa. Kumbukumbu hukomaa pale mtu anapoitafuta ndani yake mwenyewe na kuitoa, na daftari lililo wazi halimpi nafasi ya kufanya hivyo.

Ili kuona kwa nini iko hivyo, inabidi kwanza tukubali ukweli mmoja usiopendeza: sehemu ya akili tunayoitumia kufikiri kwa wakati mmoja ni ndogo mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Kimarekani George Miller aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa, akieleza kwamba mtu mzima huweza kushika kwa pamoja vitu saba hivi, akizidisha au akipunguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia upya ushahidi, akaonyesha kwamba mtu akizuiwa kujirudishia maneno kimoyomoyo na kuviunganisha vitu, idadi hushuka hadi karibu vinne. Na hata hivyo vinne havidumu. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na mkewe Margaret waliwapa watu konsonanti tatu tu wazikumbuke, kisha wakawataka wahesabu kwa sauti kurudi nyuma, wakitoa tatu kila mara. Sekunde 18 baadaye, watu wachache sana waliweza kuzitaja herufi zile tatu.

Sehemu hii wataalamu huiita kumbukumbu ya kazi. Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walipendekeza mwaka 1974 kwamba tusiione kama mahali pa kuweka vitu kwa muda, bali mahali tunapovifanyia kazi: sehemu moja hushika sauti na maneno, nyingine hushika picha na mahali vitu vilipo, na juu yao kuna usimamizi unaoamua macho ya akili yaelekee wapi. Piga hesabu ya 47 mara 6 bila kalamu. Unaishika 240, unatafuta 42, unazijumlisha. Mtu akikuuliza katikati ya hesabu hiyo ni saa ngapi, 240 inapotea na inabidi uanze upya. Kila aliyewahi kusoma huku ujumbe wa simu unaingia amelipata pigo hilo, ingawa wengi hujidanganya kwamba wao wanaweza kufanya yote mawili.

Sasa, ikiwa kufikiri hufanyika mahali padogo kiasi hiki, binadamu amewezaje kuandika sheria, kujenga madaraja na kutunga tenzi za mamia ya beti? Jibu liko kwenye kumbukumbu ya muda mrefu, na unaweza kulijaribu hapo ulipo. Soma herufi hizi mara moja, inua macho, uzitaje: T, A, N, U, A, S, P, C, C, M. Ni herufi kumi, zaidi ya kipimo cha Miller na zaidi ya mara mbili ya kile cha Cowan. Mtanzania aliyesoma historia kidogo hapati shida, kwa sababu anaona TANU, ASP na CCM, vitu vitatu. Anayejua kwamba tarehe 5 Februari 1977 viwili vya kwanza viliungana na kukizaa cha tatu anaona kitu kimoja tu, tukio moja lenye mpangilio wake. Mpe mgeni kutoka Norway herufi zilezile, atahangaika nazo. Hajapungukiwa akili, amepungukiwa historia hiyo. Ulichokihifadhi miaka iliyopita ndicho kinachokuongezea nafasi ya kufikiri leo.

Hapa ndipo madai kwamba kukariri huua kufikiri yanapokosa mguu wa kusimamia. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wakiendeleza kazi ya Mholanzi Adriaan de Groot, waliwaonyesha wachezaji wa chesi ubao kwa sekunde 5 tu. Bingwa alizirudisha kete nyingi mahali pake, anayejifunza akarudisha chache. Ungedhani bingwa amejaliwa kumbukumbu ya ajabu. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila mpangilio unaoweza kutokea mchezoni, ubora wa bingwa ulikaribia kutoweka. Alichokuwa nacho ni maelfu ya mipangilio aliyokwisha kuizoea kwa miaka, kila mmoja akiutambua kwa mara moja, na ndiyo iliyomwacha huru kufikiria hatua zinazofuata. Aliyewahi kuketi barazani Unguja akawatazama mafundi wa bao hatashangaa. Ubao wa mashimo 32 na kete 64 unabadilika kila mkono unapozunguka, na fundi ameshaona mwisho wa mzunguko kabla hajaanza kusambaza. Alex de Voogt, Mholanzi mwingine, aliwachunguza mabingwa hao wa Zanzibar hadi akaandika tasnifu nzima ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Ningefurahi kuona vijana wetu wa saikolojia nao wakiingia kwenye utafiti wa namna hiyo, maana maabara iko mlangoni kwao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Swaziland, nchi ambayo leo ni Eswatini. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu kukumbuka, anasimulia kwamba aliambiwa Waswazi wana kumbukumbu isiyo na kifani. Akampa mvulana ujumbe mfupi aupeleke upande wa pili wa kijiji. Mvulana akaufikisha kama ambavyo mtoto yeyote wa Uingereza angeufikisha, mengine akiyaacha njiani. Kisha akazungumza na mchungaji mmoja kuhusu ng'ombe walionunuliwa karibu mwaka mmoja nyuma. Mchungaji akawataja mmoja mmoja: bei yake, rangi yake, na aliyemuuza. Walipolinganisha na kumbukumbu za maandishi za mwenye ng'ombe, makosa yalikuwa mawili tu, tena madogo. Bartlett hakusema kwamba Mswazi ana ubongo wa aina yake. Alisema ng'ombe ndio kiini cha maisha ya jamii ile, kwa hiyo kila habari ya ng'ombe ilipata mahali pa kujishikiza. Mwanafunzi anayekujibu majina ya wachezaji wa timu tatu za Ligi Kuu na namba za jezi zao, lakini hakumbuki hatua za usanisinuru, hana ubongo mbovu. Kwenye mpira anavyo vingi vya kushikizia; kwenye usanisinuru bado hana.

Tukubaliane basi kwamba tunahitaji kuhifadhi. Swali gumu ni namna ya kuhifadhi, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kushika kitu sasa hivi na kukihifadhi ni kazi mbili tofauti zinazofanana sana ukiziangalia kutoka ndani. Aliyetufundisha hilo kwa gharama kubwa ya maisha yake ni Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa kichwa ili kifafa chake kipungue, na daktari William Scoville akamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, aliwahi kumwomba akumbuke namba 584. Kwa dakika nyingi aliishika, akiizungusha kimoyomoyo na kuichezea hesabu. Mazungumzo yalipohamia kwingine, haikuchukua hata dakika mbili: namba ilikwisha potea, na hakujua kwamba aliwahi kupewa namba yoyote. Hata hivyo, alipofundishwa kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo, alizidi kuwa stadi siku hadi siku, ijapokuwa kila siku alidhani ndiyo mara yake ya kwanza. Ubongo una aina zaidi ya moja ya kumbukumbu, na kilicho wazi akilini mwako muda huu si ushahidi kwamba kesho kitakuwepo. Mwanafunzi anayetembea kuelekea chumba cha mtihani huku akinong'ona fomula anaishika kama Molaison alivyoishika 584. Mwenzake akimsalimia mlangoni, huenda ikaondoka.

Kusahau kulipimwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo yake mwaka 1885, na mtu aliyemfanyia majaribio alikuwa yeye mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana hadi akaziweza, akaziacha, kisha akajifunza tena na kupima ameokoa kiasi gani cha kazi ya awali. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya siku moja 34. Baada ya mwezi 21. Namba hizi hunukuliwa vibaya sana, hata na walimu, kana kwamba zinasema tunasahau theluthi mbili ya kila tulichosoma kila baada ya siku moja. Hazisemi hivyo. Zinahusu silabi tupu, na zinapima kazi iliyookolewa wakati wa kujifunza upya. Hata hivyo umbo lake ni la kweli: kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Na kuna tokeo lake jingine ambalo lingestahili kubandikwa kwenye kila bweni. Marudio 38 aliyoyagawa kwa siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Kazi ilipungua karibu nusu, kwa kupanga siku tu.

Nije sasa kwenye utafiti ambao ningeomba kila mwanafunzi wa sekondari aujue. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha habari za sayansi. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo, na kwa wastani kila mmoja alikipitia mara 14 hivi. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, mara tatu hivi, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata lilipewa karatasi tupu na kuambiwa liandike linachokumbuka, bila kusahihishwa. Dakika 5 baadaye, waliosomasoma waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Lau utafiti ungeishia hapo, kila anayekesha na daftari angeshangilia. Lakini waliwapima tena baada ya wiki moja. Waliosomasoma walikumbuka asilimia 40. Waliojipima walikumbuka 61. Na kuna jambo linalonigusa kuliko namba zenyewe: walipoulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliojiamini zaidi ni wale waliosomasoma. Njia dhaifu ndiyo iliyowapa faraja kubwa.

Faraja hiyo inatoka wapi? Macho yakipita mahali yalipopita jana, maneno huteleza. Hakuna kukwama, hakuna kusitasita, na akili huutafsiri wepesi huo kuwa ni ujuzi. Kumbe kinachotokea ni kutambua: umeliona neno na unajua uliwahi kuliona. Mtihani haukuulizi kama uliwahi kuliona. Mtihani unakupa swali na ukurasa mtupu, nawe unatakiwa utoke kwenye swali hadi ulifikie jibu bila mtu wa kukushika mkono. Safari hiyo ya kutoka swali hadi jibu ndiyo isiyofanyiwa mazoezi daftari likiwa wazi, kwa sababu jibu limekaa pale kabla hujalitafuta. Ukilifunga na kujiuliza, unalazimika kupita kwenye mambo mengine yanayohusiana nalo, na kila unapofanikiwa uhusiano kati ya swali na jibu huimarika. Ukikwama, umeligundua pengo ambalo kusoma tena kusingekuonyesha kamwe. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa California, ametumia miaka mingi kueleza kwamba kuna ugumu unaomfaidi mwanafunzi, na kwamba njia inayokufanya ujione mwepesi leo mara nyingi ndiyo inayokuacha mtupu baadaye. Naamini hili ndilo gumu zaidi kuwashawishi vijana, kwa kuwa linawataka waikubali hali ya kujiona wajinga kila jioni.

Lakini sisi wa pwani hatukuhitaji kungoja St. Louis. Ingia kwenye chuo cha Qur'ani chochote Lamu, Tanga au Unguja usikilize. Mtoto anahifadhi aya chache, kisha anakwenda mbele ya maalim na kuzisoma bila kuangalia. Akikosea, anasahihishwa papo hapo. Kesho anasoma mpya, lakini maalim anamrudisha kwenye za juzi na za mwezi uliopita, kwa sababu kila aliyehifadhi anajua kwamba asipozidurusu za nyuma zitamtoka. Kutoa bila kuangalia, kusahihishwa mara moja, kurudia kwa kuachanisha siku: hayo matatu ndiyo maabara za leo zimeyathibitisha moja baada ya jingine. Wanaosema kwamba huko chuoni watoto wanafundishwa ukasuku hawajautazama utaratibu wenyewe. Maalim pia anajua kwamba kuhifadhi ni hatua, ndiyo maana tafsiri na sheria hufuata, na anayeingia kwenye tafsiri akiwa na matini yote kifuani hujadili kwa wepesi ambao asiyehifadhi hana.

Hata hivyo lawama niliyoanza nayo ina chembe ya ukweli, na sitaki kuipita. Upo ukariri mtupu katika sekondari zetu, wa mwanafunzi anayeweza kukuandikia fasili ya osmosisi neno kwa neno halafu asiweze kukwambia kwa nini zabibu kavu ikilowekwa hufura. Chanzo chake, kwa maoni yangu, mara nyingi ni lugha. Mtoto wa Tanzania amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha ghafla Kidato cha Kwanza karibu kila somo linakuwa la Kiingereza. Kumbuka ufinyu wa kumbukumbu ya kazi. Anaposoma sentensi ya biolojia, nafasi zake chache zote zinakwisha kwenye kutambua maneno: hili maana yake nini, lile linatamkwaje. Hakuna nafasi iliyobaki ya kuuliza maji yanatoka wapi kwenda wapi. Fergus Craik na Robert Lockhart walieleza mwaka 1972 kwamba tunachokumbuka hutegemea kina cha tulichokifanya nacho. Anayeshughulika na umbo la maneno hukumbuka kidogo kuliko anayeshughulika na maana. Mtoto huyu hakuchagua kubaki kwenye umbo, lugha ndiyo imemzuia mlangoni. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wamelisema hili kwa miaka mingi, wakidai masomo ya sekondari yafundishwe kwa Kiswahili. Niko upande wao, na saikolojia ya kumbukumbu iko upande wao.

Kuna tahadhari moja inayoambatana na ushauri wangu. Kumbukumbu si ghala ambamo vitu hukaa vilivyo hadi vihitajike. Kila tunapokumbuka tunakijenga upya, na katika kujenga tunaweza kuingiza kisichokuwepo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, wengine yalipobamizana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno la kugongana, 7 walisema waliviona. Kati ya 50 wa kubamizana, 16. Neno moja la swali lilikuwa limejipenyeza ndani ya kumbukumbu yao. Kwa mahakama, hilo ni onyo zito kuhusu namna polisi wanavyowahoji mashahidi. Kwa mwanafunzi, maana yake ni kwamba anayejikumbusha bila kujisahihisha anaweza kulitia nguvu kosa lake. Funga, kumbuka, kisha fungua usahihishe. Nimewaona wanafunzi wengi wakizitenda hatua mbili za kwanza kwa bidii na kuipuuza ya tatu.

Imani nyingine potofu naweza kuzipitia haraka zaidi. Wapo wanaojitangaza kuwa wao hujifunza kwa macho na wengine kwa masikio, na shule hutumia fedha kuwagawa hivyo. Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi mwaka 2008 wakakuta kwamba hakuna msingi wa kutosha wa kufundisha kwa mgawanyo huo. Ramani isomwe kwa macho kwa sababu ni ramani, na lafudhi isikilizwe kwa masikio kwa sababu ni sauti. Haihusu mwanafunzi ni nani. Kichwa nacho hakijai. Mwanafunzi anaposema kichwa kimejaa, amechoka, na dawa ya uchovu ni kupumzika. Kumbukumbu ya muda mrefu haijulikani kuwa na ukomo, na kadiri unavyojua zaidi kuhusu jambo ndivyo jipya lake linavyopata pa kushika. Kuhusu kukesha, ubongo huendelea na kazi ya kuimarisha kumbukumbu tunapolala. Tangu mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walikwisha kuonyesha kwamba anayelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko anayebaki macho kwa saa zilezile. Anayeukata usingizi wake ili asome ukurasa wa mwisho anazilipia kurasa nyingi za mwanzo.

Basi ufanyeje? Kaa na daftari lako, soma sehemu moja ukiwa na nia ya kuielewa, na kama iko kwa Kiingereza jieleze kwanza kwa Kiswahili hadi ikae sawa. Lifunge. Chukua karatasi tupu, hata nyuma ya karatasi iliyokwisha tumika, uandike yote unayoyakumbuka, pamoja na michoro. Fungua, usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho, kabla hujagusa kitu kipya, andika tena bila kutazama. Rudi baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya wiki mbili. Nicholas Cepeda na wenzake, waliowapima watu zaidi ya 1,000 mwaka 2008, waliona kwamba kadiri siku ya mtihani inavyokuwa mbali ndivyo nafasi kati ya marudio inavyopaswa kuwa pana zaidi. Kama mtihani uko miezi miwili mbele, kwa idadi ileile ya marudio, kurudia kila wiki kuna faida kuliko kurudia kila jioni. Na usimalize aina moja ya maswali ya hisabati yote ndipo uhamie nyingine. Yachanganye, maana kwenye mtihani hakuna anayekwambia swali hili ni la kanuni ipi.

Diskasheni nazipenda, lakini nyingi ninazoziona ni mtu mmoja anayeandika ubaoni na kumi wanaonakili. Geuzeni utaratibu. Madaftari yote yafungwe, kila mmoja aje na maswali matatu aliyoyatunga mwenyewe, na anayejibu asisaidiwe hadi akwame kweli. Mitihani ya miaka ya nyuma msiiwekee akiba ya mwezi wa mwisho kama kipimo cha kujua mko wapi. Itumieni tangu mada inapokwisha kufundishwa, kwa kuwa kuifanya ni kujifunza kwenyewe.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani, najua hakuna muda wa kusahihisha majaribio ya kila siku, na sikuombi ufanye hivyo. Dakika tano za mwanzo wa kipindi zinatosha: maswali matatu ubaoni, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mmoja anaandika kimya, unayataja majibu, wanajisahihisha, na hakuna alama inayoingia popote. Kukosekana kwa alama ndiko kunakolifanya zoezi hili lifae, kwa sababu mtoto anayeogopa kuaibishwa atatazamia kwa jirani, na hapo hajakumbuka chochote. Jaribio likitumika kama fimbo, faida yote niliyoieleza inakufa.

Na mzazi ambaye hakufika sekondari naye ana kazi ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya. Usimhesabie mwanao saa alizokaa mezani na taa. Mwite jikoni au uani, mwambie, "Hebu nieleze mlichosoma leo," naye asije na daftari. Haidhuru kama huelewi kemia yenyewe, utaelewa anapositasita. Akikwama, mruhusu aende akatazame, kisha aje aendelee kuanzia pale alipokwama.